Vichwa Vitatu vya Ami Bahgat

Katika jengo letu la mtaa wa Muharram Bey mita ya maji ni moja, waongo ni wengi. Bili ikija tunaigawa kwa vichwa: kila nyumba hutaja ina watu wangapi, na siku hiyo jengo zima hupungukiwa watu kama lililopitiwa na tauni. Mtoto wa Hamdi, ambaye kilio chake kinafika hadi paa, kwenye bili bado hajazaliwa. Mama mkwe wa Hamdi ni mgeni, na ugeni wake unakaribia kuota mvi.

Ami Bahgat, kondakta mstaafu wa tramu, anaishi peke yake ghorofa ya chini, na hulipia vichwa vitatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mtu akikosea kwa faida yako, unamsahihisha wa nini?

Mwaka huu bili ilipanda na matusi yakapanda nayo. Bi Inshirah, mwenyekiti wa umoja wetu wa wakazi, akaja na dawa: tuache vichwa, kila nyumba ilipe sawa. Kwa jinsi tunavyodanganya, wa kwanza kupata nafuu angekuwa Ami Bahgat. Na ndiye pekee aliyekataa.

"Mkipitisha hilo, nafunga bomba langu," akasema, akachukua fimbo yake akatoka.

"Huyo anaficha wapangaji," Hamdi akanong'ona.

"Kwenye chumba kimoja?" nikamuuliza.

"Wanalala kwa zamu."

Bi Inshirah akanigeukia. "Wewe Karam, si ulisomea uhasibu?"

"Nusu, Bi."

"Basi kachunguze hata nusu. Tunapiga kura kesho."

Baada ya alasiri nikabisha kwa Ami Bahgat. Alinipa chai nyeusi ya kuweza kusimamisha kijiko, na macho yangu yakaanza kutafuta wapangaji. Kandambili jozi moja. Sahani moja. Ukutani, picha ya marehemu mkewe, Bi Nagiyya, akitazama kama anayejua nimetumwa.

Kisha nikaona mpira mwembamba wa maji, umetoka kwenye sinki, umepita chini ya dirisha kwenda nje. Nikachungulia. Uliishia kwenye lile tangi la maji baridi la pembeni mwa barabara, lenye kopo lililofungwa mnyororo na maandishi: Sadaka ya marehemu Nagiyya. Nimekunywa pale mara zisizo na hesabu, na sikuwahi kujiuliza maji yanatoka wapi. Nilidhani msikitini.

"Kumbe hivyo viwili ni wapita njia," nikasema.

"Nilikisia. Wakati wa joto labda vinafika vitatu, wakati wa baridi kimoja. Mungu atasawazisha."

"Sasa Ami, si ungefurahi tukilipa sote sawa? Maji yangebaki, na mzigo ungepungua."

Akanitazama kama abiria asiye na tikiti. "Yaani Hamdi alipie, huku analaani kila senti? Sadaka ya kutolewa mfukoni mwa mtu asiyetaka ni wizi, mwanangu. Nikionana na Nagiyya nimwambie nini? Kwamba niliwanywesha watu kwa jina lake, maji ya Hamdi? Afadhali nifunge."

Hakuwa akitania. Bisibisi ilikuwa tayari mezani, kando ya sukari.

Kesho yake nikawaeleza wote, Ami Bahgat akiwa amekaa kando anaona haya, bisibisi mkononi. Ukarimu ukatushukia ghafla. Bi Inshirah akafuta macho. Hamdi, wallahi, ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Tugawane sote, Ami. Na thawabu tugawane."

"Unatoa kwa moyo?"

"Kwa moyo mweupe."

"Vizuri. Nyumbani kwako mko wangapi?"

Hamdi akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutoka ngazini, mama mkwe wake, ambaye kwa mujibu wa bili hakuwepo, akasema, "Jibu, mwanangu. Nasikiliza."

"Watano," Hamdi akasema, akiangalia viatu vyake.

Baada yake vichwa vikaanza kuota kila ghorofa. Familia moja ikakumbuka shangazi. Mpango wa kulipa sawa haukupigiwa hata kura.

Zamu ya Ami Bahgat ilipofika, Bi Inshirah akamwambia vichwa vikiwa vingi hivi, fungu la kila kimoja litashuka, basi alipie chake tu, hivyo viwili vibebwe na jengo.

"Vitatu," akasema Ami Bahgat, akairudisha bisibisi mfukoni. "Mkitaka thawabu, kuna ukuta mtupu upande wa pili wa mlango, unatosha tangi lenu."