Grinda Niliyompa Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo. Msimamizi wa karakana, mtu wa bara aliyeletwa Mtwara na kazi za bandari, alinipa mtaimbo mdogo akanionyesha ukuta wa nyumba ya mtumishi mmoja. "Ng'oa," akasema. Ulikuwa ukuta wa mbao za zamani zilizolaliana kama magamba ya samaki. Rangi ya nje ilikuwa nzima. Nilipochomeka mtaimbo, ubao ulibonyea kama mkate. Mchwa walikuwa wamekula mbao yote wakaacha rangi imesimama peke yake.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuvua nyumba mbao zilizooza na kuzivika bodi za saruji. Niliishia darasa la saba, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu.

Bodi hizo ni saruji na unga wa mchanga, vikichanganywa na nyuzi za mti na kukandamizwa kuwa ubao mwembamba. Mchwa hawazigusi, na hewa ya chumvi haiziozeshi. Lakini joto la huku lina masharti yake. Hupigilii bodi moja kwa moja kwenye ukuta. Kwanza unapiga papi, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao iliyotiwa dawa, ili upatikane uwazi nyuma ya bodi na hewa ya moto ipande itokee juu. Kwenye maungio unaacha nafasi ndogo na kuijaza silikoni, gundi inayonyumbulika, maana bodi hutanuka na kusinyaa. Skrubu ziwe za kuzuia kutu, la sivyo ukuta utatoa michirizi myekundu. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Kuna mteja alitaka kahawia iliyokoza, na msimu wa joto familia yake ikawa inalala barazani.

Kukata ndiko kulikokuwa na ugomvi. Msimamizi wa karakana alitaka tutumie kisu cha ncha ngumu: unachora mstari mara tatu nne, unalaza bodi kwenye ukingo wa meza, unaivunja. Ni kazi ya polepole. Nilipomuuliza kwa nini tusinunue grinda, ile mashine ya kukatia, aliweka kisu chini.

"Ule mchanga ukigeuka vumbi unaingia kifuani," alisema. "Ukishaingia hautoki. Nimezika watu wa machimbo ya mawe kwetu, najua ninachosema. Siku grinda ikiingia hapa, mimi natoka."

Alistaafu akarudi kwao. Tukafanya kazi Mikindani, kisha nyumba za walimu Nanyamba, na huko ndiko alikojiunga nasi Bakari. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye uliyeshindwa. Tulitaniana kutwa nzima, kazi ikawa nyepesi.

Baadaye Injinia, aliyekuwa ametuajiri, alinifanya msimamizi. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa Kilambo, karibu na mto Ruvuma, kwenye safu ya nyumba za watumishi wa mpakani. Injinia alishuka kwenye gari akatazama mawingu.

"Hizi kuta nazitaka zimefungwa kabla ya mvua."

"Kwa kisu hatuwezi, Injinia."

"Basi usitumie kisu. Msimamizi ni wewe."

Nilinunua grinda, nikampa Bakari kwa sababu mkono wake ulikuwa umetulia. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Sikuelewa maneno, lakini kulikuwa na picha ya mtu aliyefunikwa pua na mdomo, na nyingine ya maji yakimiminwa. Picha nilizielewa. Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Injinia alileta boksi la barakoa. Asubuhi Bakari akaja amevaa, vijana wote wakamtazama. Nami, msimamizi, nikapaza sauti:

"Jamani, Bakari kaolewa lini? Mbona hatukualikwa?"

Kicheko kikapasuka. Bakari akajibu, "Nimeolewa jana, na wewe umeachwa! Hujui kupika, mume kasema umezidi."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Kesho yake alikuja bila barakoa, na sikumrudisha akaivae. Alikata bodi bila maji, kwa sababu maji yalitoka mbali na tulikuwa na haraka. Wingu jeupe lilimfunika, nyusi zikawa kama za babu. Mimi nilisimama upande unakotoka upepo. Nilikuwa najua kwa nini nasimama pale.

Kilambo tulimaliza kabla ya mvua, Injinia akanisifu. Grinda ikabaki kuwa kazi ya Bakari kwa miaka yote iliyofuata.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kwanza alipewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza zote, hakupata nafuu. Mwishowe daktari alisema mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Bakari akawa anapumzika mara mbili kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilipokwenda kumwona alinitania kwa maneno mawili mawili, akivuta pumzi katikati. Nilikuwa nimekwenda kusema ukweli. Nikataniana naye nikaondoka.

Tulimzika kijijini kwao, nje ya Nanyamba. Kwa desturi yetu mtani ana kazi msibani: anamwigiza marehemu na kumsema, ili waliobaki wapate kupumua. Kabla jeneza halijatoka mzee mmoja akauliza, "Mtani yuko wapi? Mbona msiba umepoa?" Nikasukumwa mbele. Mtu akanivalisha kofia ya kazi ya Bakari. Nilitafuta mzaha, sikuupata. Kilichotoka ni hiki:

"Nimemuua mimi! Nilimcheka akavua barakoa, nikampa grinda, mwenyewe nikakimbilia upande wa upepo!"

Watu walicheka. "Mkamateni!" kijana mmoja akapiga kelele. "Atoe kuku wa faini!" Hata Somoe, mjane wake, alicheka ndani ya kanga yake huku machozi yakimtoka. Wakanishika mabega wakinitikisa, na wazee wakasema mtani ametimiza kazi yake.

Sasa nimestaafu, nakaa Mtawanya. Kifua changu ni kizima. Mafundi wanakuja kuniuliza habari za papi na maungio, nami nawaeleza, kisha nawaambia: kateni kwa kisu, na ikibidi mashine, mwageni maji na mfunike pua, hata msimamizi akiwacheka.

Lakini wakati ule, arobaini ya Bakari ilipopita, nilirudi kwa Somoe. Nilikaa kwenye mkeka, nikamsimulia yote tangu karatasi ya picha, taratibu, bila mzaha. Alikuwa anamenya mihogo. Mikono ikasimama.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa unatania."

"Sikuwa natania, shemeji."

Akaniuliza:

"Sasa kwa nini uliniacha nicheke?"

Akaendelea na mihogo yake, nami nikabaki pale nimekaa, hakuniambia niondoke wala nibaki.