Niliwafanya Akina Mama Waweke Jembe Chini

Msinipe pole. Someni kwanza, halafu mkitaka kunitukana nitukaneni, ingawa mimi mwenyewe nimeshajitukana na haijanisaidia kitu.

Nimemkosea mama yangu mzazi. Sikumwibia, sikumpiga. Nilimfanya aonekane mwongo mbele ya wanawake wenzake, yeye ambaye akizidishiwa chenji sokoni hurudi kwa miguu kuipeleka. Aibu niliyo nayo siwezi kuipima.

Mimi nina kibanda cha kuchapisha na kutoa nakala huko Nchiru, Meru, karibu na hosteli za wanafunzi. Ni kazi nzuri tu, inalipa kodi na inanilisha. Lakini nina ugonjwa. Ugonjwa wangu ni kubuni biashara za mtandaoni.

Wazo likinijia, nasikia joto kifuani. Naacha mteja na karatasi zake kwenye mashine. Kwanza natafuta jina, na jina lazima liwe tamu. Halafu natengeneza nembo, na hiyo naweza kuibadilisha rangi kutwa nzima. Halafu nanunua laini mpya ya simu, maana niliamini kila biashara lazima iwe na namba yake, ionekane kampuni. Mwisho naandika kwenye status: "Kitu kikubwa kinakuja!" Basi, hapo nimeshiba. Hiyo kazi inayobaki, ya kuamka kila siku na kuuza, sikuwahi kuona kama inanihusu.

Nimewahi kuuza maparachichi ya Meru kwa simu bila kuwa na parachichi hata moja. Nimekuwa na ukurasa wa kuwatafutia wanafunzi wapya vyumba, ukurasa wa kadi za harusi, na hata ukurasa wa kufundisha watoto Kimeru, na Kimeru chenyewe nakibabaisha kwa sababu mimi ni wa Mbeere! Laini zake zote ziko kwenye kopo kuukuu la majani ya chai.

Jirani yangu Kendi, anayeuza chapati mlango wa pili, alikuwa akiniona tu na simu mkononi anaanza kucheka.

"Haya, leo umetuletea gani?"

"Kendi, hii ni kubwa. Kubwa kabisa."

"Hata ya maparachichi ilikuwa kubwa. Wewe, aki, unapenda kuchumbia tu. Harusi hutaki."

Nilicheka naye. Laiti ningemsikia!

Mwaka jana Septemba nilienda nyumbani kumwona mama. Nimwite Ciarunji, ingawa hilo si jina lake. Kwetu akina mama hulimiana kwa zamu, na sisi tunaita ngwatio. Leo wote wako kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mashamba yote yawe tayari kabla ya mvua. Mwenye zamu hupika, wengine huja na majembe. Mbeere mvua ni chache na haina subira. Ndengu zisipoingia ardhini mapema, zihesabu kuwa zimepotea.

Siku hiyo walikuwa wametoka shambani, wamekaa kivulini nyuma ya jiko wakinywa uji. Mikono haikutulia, maana wanawake wa kwetu hata wakipumzika husuka. Mama alikuwa na kiondo mapajani, ule mkoba wa kusukwa kwa katani, kina mistari ya rangi ya udongo na nyeusi. Nikakitazama. Joto likanipanda kifuani!

Nikasimama katikati yao kama mhubiri. Nikawaambia vyondo kama hivyo watu wa mbali wanavililia. Nikawapiga picha wao, vyondo vyao, hata mikono yao. Nikawaonyesha kwenye simu jinsi picha zilivyopendeza.

Mama Njura, rafiki ya mama tangu usichana wao, akaniuliza, "Na mnunuzi ni nani?"

"Ni dunia yote!"

"Dunia sijui inakaa wapi. Mimi nauliza mtu."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaona amepitwa na wakati, Mungu anisamehe. Ndipo nikatamka yale maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafumba macho. Nikasema, "Wekeni jembe chini mwezi huu, msuke. Jembe linaweza kungoja. Soko halingoji."

Hakuna aliyeniangalia mimi. Wote walimwangalia mama. Na mama akasema, "Mtoto wangu hawezi kuja kuwadanganya hapa kwangu."

Kwa neno hilo ngwatio ikasimama. Si kwa neno langu, bali kwa la mama.

Nilirudi Nchiru nikiwa moto. Nikatafuta jina, nikachora nembo, nikanunua laini, nikaweka picha. Kendi akasema, "Hii nayo si mbaya. Hii ifanye." Nikamwambia ndiyo naifanya. Watu wakaweka vidole gumba kwa wingi. Lakini siku zikapita, hakuna aliyenunua, na mimi nikaanza kuchoka. Halafu asubuhi moja nikaona mwanafunzi anapita na furushi la nguo chafu.

Mnajua kilichotokea. Kufua nguo za wanafunzi kwa oda ya simu! Jina jipya, nembo mpya, laini mpya. Laini ya vyondo ikaenda kwenye kopo la chai kukaa na dada zake. Ukurasa wenyewe nikauondoa kwenye simu ili nipate nafasi ya picha za mapovu ya sabuni.

Mama alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya kanisa.

"Mwanangu, hawa wanawake wanauliza. Vyondo vimejaa chumba cha ndani."

"Mambo ya mtandao huenda polepole, mama."

Jumapili nyingine akauliza tena, sauti imepungua kidogo. Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa mfupi tu: nimeacha, rudini shambani. Mvua ilikuwa bado. Wangeokoa kitu! Lakini niliona haya kusema nimeacha tena, na uongo ndio uliotoka mdomoni ukiwa tayari umeiva.

"Mama, amepatikana mnunuzi. Ni mwenye duka hapo Meru mjini. Anataka vyote. Waambie wasilegee."

Nikamsikia mama akicheka kwa furaha, akimwita mtu aliyekuwa karibu naye amweleze. Nami nikakata simu nikaenda kununua ndoo.

Wakaendelea kusuka. Mvua ikaja ikakuta mashamba yana magugu. Walikimbizana kupanda, wakapanda kwa kuchelewa, na mvua ikakatika ndengu zikiwa na maua. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu yule mwenye duka anaitwa nani, nikamwambia nitampa jina baadaye. Baada ya hapo hakuuliza tena. Nami, mjinga mimi, nikashukuru!

Januari nilienda Meru mjini kutafuta sabuni ya bei ya jumla. Kufua kwenyewe kulikuwa kumeshaanza kunichosha. Nikaingia duka moja la mama mmoja Mwislamu, wanamwita Mama Zuhra, anauza leso, mikeka na vitu vya nyumbani. Nilikuwa nimebeba kile kiondo cha mistari cha mama, alichokimaliza akanipa Septemba niondoke nacho. Akaacha kumhudumia mteja akanijia.

"Binti, samahani. Hicho umekitoa wapi?"

"Ni cha mama yangu. Wanasuka kwetu Mbeere."

"Mistari hii naijua! Kuna ukurasa mmoja niliuona na vyondo hivihivi. Niliandika, nikaandika tena. Nikapiga namba yao, kila siku mteja hapatikani. Nilitaka mzigo mkubwa wa Disemba, watu wanakuja likizo wanauliza zawadi."

Nikauliza, na sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza, kama bado anavitaka.

"Aa, binti, nilishapata kwingine. Na wale wa kwingine wakipigiwa simu wanapokea." Akakigeuzageuza kiondo, akavuta ushikio. "Lakini kazi yenu ni nzuri kuliko yao. Mwambie mama yako hivyo, mpe salamu zangu."

Jamani! Mwenye duka wa Meru mjini, yule niliyemtunga kwa ulimi wangu, alikuwepo! Alikuwa akinipigia mimi nikiwa nimemfungia kwenye kopo la chai. Nilitoka dukani bila sabuni, nikalia pale nje kwa kwikwi, watu wakinipita.

Niliporudi Nchiru nilimweleza Kendi yote. Sikuwahi kumwona Kendi akikosa neno la kunitania. Alipindua chapati, akaipindua tena, akasema, "Nenda nyumbani. Usipige simu. Nenda."

Nilikawia wiki kadhaa, mwoga mimi. Nilienda kabla ya mvua ya Machi, nikafika asubuhi. Nilimkuta mama amepika githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, ile ya wageni. Mabakuli yameoshwa yamepangwa juu ya meza. Nikaelewa. Ngwatio ilikuwa imerudi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mama.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Watakuja."

Tukakaa. Jua likapanda. Baadaye Mama Njura akapita njiani na jembe begani pamoja na wengine wawili, wanaelekea juu kwa jirani. Walimsalimu mama vizuri kabisa, kwa heshima, wakauliza habari ya afya yake. Halafu wakaenda zao. Mama akaitikia, akabaki akiangalia migongo yao mpaka walipokata kona.

Akaingia jikoni, akanipakulia bakuli lililojaa. "Kula. Hiki kilikuwa cha watu."

Nikaweka bakuli chini, nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikamwambia yote: kwamba hakukuwa na mnunuzi, kwamba baadaye kumbe alikuwepo, kwamba laini niliitupa kwenye kopo. Mama alinisikiliza akiwafukuza kuku wasisogelee sufuria.

"Mimi nilijua," akasema. "Ile siku uliyoshindwa kunipa jina lake, nilijua."

"Mama, kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nimezaa mwongo? Nikawaambia mimi ndiye sikusikia vizuri kwenye simu. Kwamba ni masikio yangu."

Nililia mpaka nikakosa sauti. Yeye hakulia. Akanipeleka chumba cha ndani, akafungua mlango. Vyondo vilikuwa vimefika dirishani. Akasema, "Hivi utavirudisha wewe, kwa mikono yako. Na hayo maneno uliyoniambia mimi, utamwambia kila mmoja mlangoni kwake."

Nikavirudisha. Nilivibeba mgongoni kwa kamba, boma hadi boma. Wengine walinipa maji ya kunywa, na maji yale yaliniuma kuliko matusi. Mama Njura alipokea vyake, akavitundika ukutani kimoja kimoja bila haraka.

"Mimi kiondo hakiniumi," akaniambia. "Kiondo nitabebea mboga. Mimi naumia na shamba. Na zaidi ya shamba, naumia na Ciarunji. Tumelimiana na mama yako tangu tuolewe. Sasa akiniambia kitu, lazima nifikirie kwanza. Wewe ndiye umenipa hiyo kazi ya kufikiria."

"Si mama aliyedanganya. Ni mimi."

"Najua. Lakini sisi hatukuweka jembe chini kwa ajili yako."

Nikaokota kamba yangu, nikaenda boma lililofuata.

Siku zilizofuata nililima shamba la mama na yeye, sisi wawili. Mikono yangu ya kubonyeza simu ilichubuka yote. Tulilima kipande tu kabla ya mvua kuanza, kingine kikabaki na magugu. Nilipokuwa nikiondoka mama alisema, "Usijali, shamba ni dogo." Shamba la mama si dogo.

Nimerudi kwenye kibanda changu. Lile kopo nimelimwaga lote chooni, nimebaki na laini moja, hii ambayo mama anaijua. Sasa kuna mtu atasema, dada, si umtafute tena Mama Zuhra, si uanze upya? Nimeenda. Amesema atanunua vichache Disemba nikivileta mkononi. Nimemwambia mama peke yake, na nimemwomba asimwambie mtu mpaka vitoke dukani. Alinijibu, "Hata nikiwaambia, mwanangu, wataitikia tu." Ndivyo nilivyomwacha mama yangu.

Na wazo bado hunijia! Wiki iliyopita limenijia moja, tamu, na jina lake. Nililikalia kimya. Jumapili mama akapiga simu, tukaongea habari za kuku na za kanisa, halafu akauliza polepole, "Na huko... umeanza kitu kingine?" Mama yangu alikuwa anaogopa jibu langu. Nimewahi kumsikia mama akiogopa nyoka, akiogopa ukame. Sikuwahi kufikiri ataniogopa mimi.

Nikamwambia hapana, mama. Na mara hii ilikuwa kweli.

Ndugu yangu unayesoma hii ukiwa na wazo jipya linalokuwasha, wazo si dhambi. Cheka nalo, lichoree nembo ukitaka. Lakini kabla hujasimama mbele ya watu, angalia ni nani ataweka jembe chini kwa sababu yako, na ni mama wa nani wataangalia uso wake kabla hawajaliweka. Kama hutakuwepo siku mteja akipiga simu, tafadhali, waache watu walime.