Kwikwi za Teodora

Mwaka 1993, katika mkutano uliohudhuriwa na kila mfanyabiashara wa Mwanza aliyemiliki viatu vya kufunga kamba, ofisa biashara alitangaza rasmi kwamba zama za mtu mmoja kuwaamulia wenzake kipi kizuri na kipi kibaya zimekwisha. Kuanzia siku hiyo ubora ungeamuliwa na ushindani. Bidhaa za nje zingeingia bila kizuizi, na za ndani zingekaa chini zijifunze. Wajumbe walipiga makofi, wakanywa soda.

Teodora hakualikwa. Saa hiyo alikuwa kwenye kigoda chake nje ya duka la Mansukh, huko Mirongo, anaonja pilipili.

Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne. Magunia ya pilipili kichaa yalishuka bandarini kutoka Ukerewe, Mansukh akayanunua na kuyasaga, lakini hakuna gunia lililopata nafasi dukani kabla ya kupita kwenye ulimi wa Teodora. Utaratibu wake ulikuwa mfupi: kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, ncha ya kijiko cha pilipili, kisha kungoja. Hakutoa machozi wala hakuhema kama wengine. Alipata kwikwi. Kwikwi moja, pilipili ya mchuzi wa nyumbani. Mbili, ya nyama choma. Tatu, mteja aonywe. Maji hakuyagusa, aliwaonea huruma watu wazima wanaokimbilia maji. Yeye alimaliza na kikombe cha maziwa mgando alicholetewa na Sushila, mke wa Mansukh, akasogea kwenye gunia linalofuata.

Mansukh, ambaye viatu vya kamba alikuwa navyo, alitoka mkutanoni akiwa ameguswa. Baada ya miezi miwili alipokea katoni za makopo ya pilipili ya unga kutoka ng'ambo. Kila kopo lilichorwa joka linalotema moto. Aliyapanga mbele kabisa, akamwita Teodora mbele ya wateja.

"Mama Teodora, onja hii. Lakini shika kitu kwanza."

"Nishike nini, Baba Ashish? Kwani naruka kwenda wapi?"

Alionja. Duka zima likangoja. Suzana, mama lishe wa Igoma aliyekuja kila Jumamosi kununua viungo, aliinua kidole tayari kuhesabu, kidole kikachoka.

"Ongeza," alisema Mansukh.

Teodora akalamba kijiko kizima. Kwikwi haikuja.

"Labda joka limepitiwa na usingizi," Suzana akasema. "Safari yenyewe ndefu."

Watu walicheka. Mansukh hakucheka. Aligeuza kopo, akasoma, kisha akasema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyochoma: "Mama, miaka inakwenda. Ulimi nao unachoka. Hapa pameandikwa kali mno, kwa lugha tatu."

Teodora alijitahidi kutabasamu. Wiki hiyohiyo bintiye Hellen alikuwa amelalamika kwamba mboga ina chumvi ya kutosha ng'ombe watano, na yeye aliila bila kusikia chochote. Kama ulimi umekwenda, basi kilichobaki ni bibi tu aliyekalia kigoda cha watu. Angeweza kusema ana mafua, akaondoka na jina lake. Watu wangemwamini.

"Nipe lile gunia la asubuhi," alisema.

"Mama, si lazima."

"Nimesema nipe."

Alichukua pilipili nzima, ile ndogo nyekundu, akaitafuna pamoja na mbegu. Mtu akazima mashine ya kusaga. Teodora alifumba macho. Suzana, aliyekuwa na utani wa kila kitu, safari hii aliuliza bila utani.

"Mama, nikuletee maziwa?"

"Bado."

Kwikwi ya kwanza ilikuja ndogo, kama inayobisha hodi. Ya pili ilitikisa kilemba. Ya nne ilimkalisha chini. Suzana alihesabu kwa sauti, na wapita njia wakaitikia, mpaka kumi na moja. Machozi yalimtoka Teodora kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Alisema ni ya pilipili.

"Baba Ashish," alisema kati ya kwikwi ya saba na ya nane, "hilo joka lako... linyweshe uji."

Maziwa aliyaleta Mansukh mwenyewe, akakishika kikombe mpaka alipomaliza. Makopo yalihamia rafu ya chini, yakanunuliwa polepole na watu waliopenda pilau yenye rangi.

Desemba ofisi ya biashara ilihitaji kilo mbili za pilipili kwa karamu ya kufunga mwaka. Tarishi alitumwa Mirongo na barua yenye sahihi ya ofisa mwenyewe, ikimwagiza asirudi na pilipili ambayo Teodora hajaionja.