Tulikwenda kuliona Ziwa Rukwa kwa miguu, tukakutana na pombe ya Mama Skola

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu nimesoma nyuzi za watu waliotembea kwa miguu nchi za watu, wanapiga picha na ng'ombe wa wenyewe. Nikasema na sisi wa Ufipa tuna miguu. Ninayoyaeleza yametokea, na mashahidi wangu wawili wamo humu jukwaani, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuka mchana kweupe.

Kwanza mnijue. Shule niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, ila dirisha la darasa letu lilikuwa linatazama barabarani. Tangu hapo nimepakia mahindi, nimeziba pancha, nimelinda ghala, na nikiona njia ya miguu inaingia kwenye majani sipati raha mpaka nijue inatokea wapi.

Sasa Festo. Huyu ni mtu wa Tukuyu, mtumishi wa serikali hapa Sumbawanga mjini. Amekaa nasi miaka mingi akijua njia tatu tu: ya ofisini, ya kanisani na ya kitimoto.

Ukaja uhamisho, anapelekwa Lindi. Basi lake lilikuwa la Jumapili alfajiri.

Jumamosi asubuhi tuko kwenye chai tunamuaga, akaweka kikombe chini akasema, "Yaani naondoka Rukwa bila kuliona Ziwa Rukwa. Nitawaambia nini watu wa Lindi?"

Deo akadakia. Deo anauza kava za simu karibu na stendi. Ni Mfipa halisi, ingawa vijijini mimi mpita njia nimefika kuliko yeye.

"Kuliona tu? Inuka twende. Tunatembea mpaka ukingoni, nchi inapokatika kushuka bondeni. Unaliona lote, jioni tunarudi na boda. Hii ardhi ni ya babu zangu, nitapoteaje?"

Chai ikabaki nusu. Hakuna aliyebeba hata mwavuli. Festo alikuwa na raba nyeupe alizonunua za kuingilia Lindi.

Tukashika njia ya Pito, mashamba yakaanza, mji ukabaki nyuma.

Wakuu, uwanda wetu ni mzuri. Vilima vimevaa majani tu, miti ya kuhesabika, upepo unakupiga kifuani kama unakudai. Ulikuwa mwisho wa masika, mawingu yanapita chini chini.

Shida ilikuwa kueleza safari yenyewe. Tulikutana na baba mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia la mchele kutoka Kaoze, kule bondeni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza, "Mmepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana, baba. Tunakwenda kuliona ziwa."

"Mna mtu kule?"

"Hatuna."

"Mnanunua samaki?"

"Hatununui. Kuliona tu."

Akatutazama mmoja mmoja, akamalizia kwenye raba za Festo. "Haya," akasema, na akaongeza mwendo kwenye mlima. Na gunia lake!

Jua la utosi likatukuta kwenye shamba lenye watu wengi. Wamekaa kivulini, majembe yamelala, katikati chungu cha pombe ya ulezi. Mwenye shamba ni mama mmoja mnene, mchangamfu, wanamwita Mama Skola.

"Karibuni wanangu, njia ni ndefu. Niwaletee maji?"

Hapa ndipo Deo alipotuuza. Akapiga kifua: "Mama, maji ya nini? Sisi ni watu wa hapa. Mfipa haanzi na maji penye ulezi."

Watu wakatazamana. Mama Skola akatabasamu vizuri sana. Tukapewa kata, tukanywa. Deo akarudia. Akarudia tena, akawasalimia wote kwa Kifipa chake cha stendi.

Tukashukuru, tukasimama kuaga. Mama Skola akanyoosha kidole. "Majembe yale pale."

"Mama, sisi wapita njia," Deo akasema.

"Mpita njia hupewa maji. Nimewapa maji mkayakataa, mkasema ninyi ni wa hapa. Hii ni pombe ya kulimia. Wa hapa akiinywa amekwisha kuitikia."

Shamba zima likacheka. Festo akatazama jua. Nilimwonea huruma, kwa sababu saa zile bado tungewahi ukingoni kukiwa na mwanga.

Kwa msioijua kazi hiyo: Wafipa wanalima ntumba. Majani yanakusanywa, yanafunikwa udongo mpaka iwe tuta la mviringo, juu unapanda maharage, majani yanaozea ndani yanakuwa mbolea. Ukipita mbali unaona shamba limejaa vichuguu vilivyopangwa. Kuvitazama ni raha. Kuvitengeneza, mgongo unakuita kwa jina la ubatizo.

Tuta la kwanza la Deo lilikuwa udongo mtupu, majani kayasahau pembeni. Mama mmoja akalitikisa kwa mguu. "Hili kaburi la nani? Mtoto wa hapa, mbona umemzika bila sanda?"

Mimi nilipangiwa kukusanya majani, maana kwenye jembe walinitazama kidogo wakanionea huruma.

Festo akavua raba, akazining'iniza shingoni, akainama. Alikuwa wa polepole, lakini kila tuta alilimaliza mpaka likakaa sawa.

Kuna wakati wenyeji walihamia upande wa pili wa shamba, hakuna anayetuangalia. Deo akanong'ona, "Njia ile pale. Tukikimbia sasa hivi ziwa tunaliwahi."

Nakiri nilishaanza kunyanyuka.

"Nendeni," Festo akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimekunywa."

"Festo, kesho unaondoka! Ziwa utaliona lini tena?"

"Najua. Nimekunywa."

Tukarudi kuinama. Ungefanyaje?

Jua lilipoanza kulegea Mama Skola akaja, akapita kwenye matuta ya Festo akiyagonga kwa kisigino. Akamuuliza kwao ni wapi. Aliposikia Tukuyu akamgeukia Deo: "Huyu ndiye wa hapa. Wewe sijui umetoka wapi."

Akatuelekeza njia ya mkato, akasema kaka yake, Mzee Anselmi, anakaa nyumba ya mwisho kabla nchi haijakatika. "Giza likiwashika, mwambieni mmetoka kunilimia."

Tulikwenda mbio mbio. Tukafika ukingoni jua linazama nyuma yetu, na mbele, wakuu, hakuna kitu. Wingu jeupe limejaa bonde zima, limekaa kama uji kwenye bakuli. Ziwa liko chini humo, na sisi tumesimama juu kama wajinga.

Festo akasimama pale muda mrefu, raba bado shingoni.

Nyuma yetu mtu akakohoa. "Mnatafuta nini humo?"

Ndiye Mzee Anselmi. Tukamwamkia, tukaeleza. Hakucheka. "Jana nalo lilijifunika hivi hivi. Asubuhi likaonekana, na mitumbwi yake. Lakini siwaahidi, si langu."

"Boda zinapatikana hapa, mzee?" Deo akauliza.

"Mmoja yupo, naweza kumwita. Au mlale. Mmetoka kumlimia dada yangu, chumba kipo, mikeka ipo, ugali unasongwa."

Tukamtazama Festo. Boda, basi, Lindi. Au mkeka.

"Mzee," akasema, "chumba chenyewe kinatazama wapi?"

"Huko huko bondeni."

Festo akainama mlangoni akaingia.

"Na basi?" Deo akapiga kelele.

"Liendeshe wewe," sauti ikatoka ndani.

Mtaniuliza kama asubuhi lilionekana. Lilionekana lote, linang'aa mpaka unafumba macho. Tuliliona wawili. Deo alikuwa anakoroma, na tulipomwamsha wingu lilisharudi. Mfipa halisi hajaliona mpaka leo.

Nilichojifunza: ukienda kutembea nchi ya watu kwa miguu, usidhani utapita kama gari. Utasimamishwa, utaulizwa, utashikishwa jembe, na hapo ndipo utapata na pa kulala.

Haya wakuu, semeni kweli: ungebaki kwenye matuta, au ungekimbia? Deo, najua unasoma, na wewe jitetee.