Sauti Tuliyofukuzia Ndege

Sisi tuliokua kabla kila mtu hajawa na simu yenye kamera, tulijua kukaza utepe wa kaseti kwa kalamu. Unaingiza kalamu kwenye tundu, unazungusha polepole, utepe uliotapikwa na redio unarudi ndani, na nyumba nzima inapumua. Juzi mdogo wangu wa kidato cha nne aliishika kaseti, akaigeuza mara mbili, akauliza inachajiwa wapi. Nikamnyang'anya. Siku hizi nina hasira za karibu.

Ninakusanya kanda za zamani. Si za wanamuziki wakubwa, hizo zina wenyewe. Natafuta zilizorekodiwa nyumbani: kwaya ikijifunza sauti ya pili chini ya bati linalopigwa na mvua, mshereheshaji wa harusi akibembeleza watu wakae, mzee akiwausia wanawe huku jogoo anamkatiza. Nazihamishia kwenye kompyuta, kisha naziweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na nyingine nabadilishana na wenzangu wachache wa Mbeya na Iringa wenye ugonjwa huu huu. Shukrani ninazopata ni hizi: "Mbona ina kelele?" "Haifunguki." "Weka na picha basi." Binamu mmoja aliniomba ibada nzima ya Krismasi niikate iwe sekunde thelathini, aiweke status.

Nyumbani kwetu Iyunga, Mbeya, kanda zilikuwa barua. Baba alifanya kazi relini, na mama yake, Bibi yetu, alibaki Igowole kule Mufindi. Bibi hakujua kuandika. Kwa hiyo Baba alinunua kaseti tupu dukani kwa Baba Salim, Mhindi aliyejua Kisafwa kutuzidi sisi, akarekodi upande wa kwanza, akamkabidhi kondakta wa basi. Baada ya wiki tatu au mwezi, kaseti ilirudi na upande wa pili umejaa, imefungwa kwenye kitambaa na kunukia moshi. Siku hiyo betri zilianikwa juani tangu asubuhi, na zilizokataa kabisa tuliziuma kwa meno. Jioni tulikaa mkekani, Mama akaipua chungu cha maharage, Baba akatangaza, "Anayetaka kukohoa akakohoe sasa."

Bibi alizungumza Kihehe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Kandani alisema maneno marefu tusiyoyaelewa, akanyamaza hata dakika nzima, tukasikia anavyopumua, halafu akaendelea. Mama ni Mnyakyusa, nyumbani tulisema Kiswahili, na sisi watoto tulikuwa wajeuri wa mjini. "Baba, anasema nini?" Baba alisimamisha redio, akatafsiri, akaiwasha tena. "Na hapo anasema nini?" Akasimamisha tena. Betri zikaisha kabla salamu hazijaisha. Tukapiga miayo, tukavutana nguo, mwisho Baba akachoka akaagiza barua zije kwa Kiswahili ili watoto waelewe.

Ndipo akaingia Mama Tuzo, jirani wa Bibi, mke wa katekista, mwenye sauti kama mtangazaji. Bibi alikaa pembeni akimweleza, yeye akasema kwenye redio: "Mimi bibi yenu nawasalimu sana. Someni kwa bidii, muwatii wazazi." Tulifurahi mno. Hatimaye barua inayoeleweka!

Mdogo wake Baba alilima mpunga karibu na Igawa. Msimu mmoja alipita kwetu, hata chai hajaimaliza, akamwambia Mama, "Shemeji, kwelea wananimaliza. Nipe kanda mbovu." Wakulima huko walikuwa wakiutoa utepe kwenye kaseti na kuukaza juu ya mpunga kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita utepe unavuma na kumetameta, ndege wanaogopa kutua. Mama alikuwa anafua. Akaniita mimi, mwenye miaka tisa na msomaji hodari wa nyumba: "Mchagulie Baba Mdogo zilizoharibika."

Hakuna iliyokuwa imeharibika. Nikasikiliza vipande vipande, nikajaza mfuko wa rambo kanda zote za Kihehe. Sababu yangu naikumbuka vizuri, kwa sababu niliisema kwa majivuno: hizi hazieleweki. Likizo tulipokwenda Igawa niliuona utepe ule shambani, unang'aa, unalia vuuu kama nyuki walioudhiwa. Nikapiga makofi.

Sasa turudi kwenye kundi la ukoo. Majuzi nilikuta kaseti mbili za Mama Tuzo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha Mama. Nikasafisha, nikaweka kipande, nikaandika tu, "Barua kutoka Igowole." Sikuandika ni sauti ya nani. Ndani ya saa moja ukoo mzima unalia. Neema, binamu yangu wa Dodoma aliyezaliwa Bibi ameshafariki, akaandika, "Jamani, sauti ya Bibi yetu!" Shangazi, ambaye ni binti wa Bibi wa kumzaa, akaweka mioyo mitano. Kesho yake Neema akatangaza kwamba sauti hiyo itapigwa kwenye ibada ya kujengea kaburi, spika zimeshakodiwa. Ibada yenyewe ni Igowole! Mama Tuzo yuko hai, ana afya njema, na atakaa benchi la mbele akisikiliza watu wanavyomlilia.

Nikampigia Shangazi.

"Shikamoo Shangazi. Ile si sauti ya Bibi."

"Marahaba. Najua."

"Sasa mioyo ya nini?"

"Watu wamelia, roho zimetulia, wewe unataka risiti. Ndicho ulichosomea huko chuoni?"

"Na Mama Tuzo akiisikia sauti yake pale?"

"Atanyamaza. Mama Tuzo ana adabu. Siyo kama wengine."

Nikaandika ukweli wote kundini: sauti ni ya nani, za Bibi mwenyewe zilikwenda wapi, na nani alizichagua. Shangazi akaandika neno moja, "Wasomi." Mtu fulani akaweka picha ya ua lenye maneno ya siku njema. Kisha Neema akauliza, "Kwa hiyo Bibi alikuwa anaongeaje?"

Wajukuu wakubwa tunakumbuka uso wake, mikono yake, kitenge chake, sauti hatuna. Halafu ikaonekana kwamba Baba anarekodi. Baba, ambaye kundini hutuma taarifa za misiba tu. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mara ya tatu ikaja, sekunde kumi na nne: Baba amebana sauti yake nzito mpaka ikawa nyembamba, anajiita jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, anasema jambo kwa Kihehe, ananyamaza, anacheka kicheko kifupi ambacho si chake. Shangazi akaandika, "Ndiye huyo."

Ibadani atasimama Baba mwenyewe, hakuna spika. Neema amekubali. Shangazi bado hajapokea simu zangu.

Vijana wa leo nawasema sana, lakini mdogo wangu ana sauti elfu moja kwenye simu yake na hajawahi kuwapa ndege hata moja. Sisi tulikuwa na sauti ya Bibi saa nzima, na wa kututafsiria amekaa palepale mkekani, tukapiga miayo. Sasa ninazo sekunde kumi na nne za mtoto anayemwigiza mama yake, na kila nikizisikiliza naziba sikio la pili.