Ukuta wa Kaka Njiani

Ziwa lilipopanda, kaka yangu alipoteza banda lake. Lilikuwa banda la mbao na mabati pale ufukweni, ambamo kwa miaka mingi alihifadhi magunia ya dagaa kabla ya kuyasafirisha. Maji yalianza kwa kulowesha sakafu, nasi tukadhani yatarudi yalikotoka kiangazi kikifika. Hayakurudi. Masika yaliyofuata tulikuwa tunaona paa peke yake, na watoto wanapanda juu yake kujirusha majini. Barabara ya vumbi iliyopita kando ya maji, ambayo watu wa mtaa wetu waliifuata kwenda zahanati, nayo ikazama.

Ndipo njia ya mlimani ikawa njia ya kila mtu. Ilikuwa njia nyembamba ya miguu. Ilishuka kutoka kwetu juu, ikapita ubavuni mwa nyumba ya kaka, ikaenda kutokea nyuma ya zahanati. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani.

Kaka akaijengea ukuta. Alirefusha ua wake mpaka ukagusa kiwanja cha jirani, akajenga stoo mpya katikati ya njia, akaweka geti la chuma na kufuli. Nilimkuta jioni moja nikitoka shuleni, huko Gungu ninakofundisha. Alikuwa anachanganya zege mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nishikie hiyo ndoo."

Nikaishika. "Kaka, hapa si ndipo watu wanapopita?"

"Watapita kwingine."

"Kwingine ni wapi? Chini kuna maji. Huku ni korongoni."

Akaacha koleo. "Ziwa liliponinyang'anya mahali pangu, nani alikuja kuniuliza mimi nitapita wapi?" Alisema bila hasira. "Mke wako ni diwani. Aliambie ziwa lirudi nyuma, na mimi nitarudi nyuma."

Huyu ndiye aliyenilea. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado sijaanza shule, na yeye aliacha masomo akaenda kubeba magunia bandarini ili mimi nisome. Alinipeleka sekondari, akanioza, na mama yetu mzee alikuwa akiishi kwake. Kumwambia kaka "hapana" lilikuwa jambo ambalo mdomo wangu haukuwa na mazoea nalo.

Mke wangu alikwenda kwake peke yake. Hakwenda kama diwani wa kata, alikwenda kama shemeji. Kaka alimpa soda, akamsifia nguo, wakazungumza habari za watoto. Alipoligusa suala la ukuta, kaka alicheka tu akaenda kuswali. Baadaye watu wa halmashauri wakaja kuchora alama ya X nyekundu ukutani. Siku ya pili yake kaka aliipaka chokaa. Wiki nyingine wakaichora tena, naye akaipaka tena, mpaka ikawa kichekesho cha mtaa. Watu walikuwa wakishuka korongoni kwa kushikana mikono huku wakitania juu ya chokaa ya kaka. Nami nilicheka pamoja nao.

Kisha ikaja ile siku ya mvua.

Nilikuwa narudi kutoka kazini mchana. Bodaboda alinishusha chini kwa sababu ya utelezi, nikaanza kupanda kwa miguu kupitia korongoni. Nikasikia mwanamke anapiga kelele. Alikuwa jirani yetu anayeuza maandazi, mama ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Alikuwa amekaa kwenye matope, amempakata mkwe wake. Yule binti alikuwa na mimba kubwa, na uchungu ulikuwa umemwanza asubuhi. Walikuwa wamegonga geti la kaka. Kaka alikuwa ameshuka sokoni Mwanga, na mkewe, shemeji yangu, alijibu kutoka ndani kwamba ufunguo kaka ameondoka nao. Shemeji alilia aliponisimulia baadaye. Alisema alitikisa lile geti mpaka viganja vikachubuka. Basi wakazungukia korongoni, maji yakawa yanashuka na mawe, na yule binti akaanguka.

Nilivua koti nikamfunika. Nilimbeba, mama mkwe wake akanishikia kwa nyuma, tukawa tunateleza na kusimama. Hatukufika. Mtoto alizaliwa hapohapo korongoni, kwenye koti langu la shule, wa kiume, na hakulia. Nilingoja alie. Bado nakumbuka jinsi nilivyomwinamia, maji yakinichuruzika usoni, nikimwambia kwa sauti kabisa, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu: "Haya, haya, haya."

Mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaume waliochimba. Ni kazi ndogo kuchimba kaburi la namna ile, na ndiyo maana kila mmoja wetu alikuwa anaivuta ichelewe kuisha. Kaka alikuja mazikoni. Alisimama nyuma, akaitikia dua, akatoa mkono wa pole kwa baba wa mtoto. Baba wa mtoto aliupokea. Jioni nikaenda kwa kaka nikiamini nitakuta geti liko wazi. Lilikuwa limefungwa.

"Kaka, fungua njia."

"Mtoto amekufa kwa amri ya Mungu."

"Najua. Fungua njia."

"Nikifungua leo, nimekubali kwamba nimemuua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Hilo silikubali. Usinitake nilikubali."

Baraza la madiwani lilipokaa nilikwenda kuketi kwenye viti vya wananchi. Kaka alikuwa mbele yangu, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Ajenda ilikuwa pana: mpango wa njia za waenda kwa miguu kwa mji mzima, na utekelezaji wa sheria ndogo dhidi ya waliozijengea. Afisa mipango miji alibandika ramani. Njia ya kwetu ilikuwepo, mstari wa nukta nukta.

Walijadili muda mrefu. Diwani mmoja alitaka waanze na njia ya ufukweni, yenye taa na mabenchi, ili wageni wapate pa kutembea. Mwingine, mzee, alisimama akasema neno lililonichoma kwa sababu lilikuwa la kweli: "Hawa watu wamefukuzwa na maji. Leo wamepanda juu, na sisi tunawangoja juu na nyundo. Tukibomoa kwa huyu, kesho tutabomoa kwa nani?" Baadhi waligonga meza kumuunga mkono. Mmoja akapendekeza wapewe muda hadi mvua ziishe. Nikamwona kaka anainua kichwa.

Mwenyekiti akamgeukia mke wangu. "Mheshimiwa, hii ni kata yako. Una maslahi yoyote katika jambo hili?"

Mke wangu alisimama. "Ninayo, mheshimiwa mwenyekiti. Mwenye ukuta ni shemeji yangu. Ndiye aliyekuja kwetu kunitolea mahari." Wawili watatu walicheka, wakaacha. "Kwa hiyo kura sitapiga. Ila naomba niseme."

"Sema."

"Mtoto aliyefia korongoni nilimwosha kwa mikono hii. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi jana, leo siyaoni. Njia ifunguliwe." Akakaa.

Mikono iliinuka pole pole, mmoja mmoja, lakini iliinuka. Ukuta ubomolewe. Mpango wa njia za mji mzima ukaahirishwa, utazamwe kikao kingine fedha zikipatikana. Kwa hiyo katika yote yaliyozungumzwa siku ile, lililoamuliwa ni moja tu: ukuta wa kaka yangu.

Kaka alingoja mpaka mwisho. Alipopita karibu nami aliinama kidogo. "Umemsikia mkeo," akasema.

Mgambo walikuja asubuhi na nyundo, maana greda lisingeweza kupanda kule. Kaka alikataa kuhamisha mali. Alitoa kiti, akakaa mbele ya mlango wake, mikono juu ya mapaja. Mama yetu aliletewa mkeka, akakaa karibu naye na kujifunika kanga usoni. Mimi na shemeji tulibeba magunia kutoka stoo huku vumbi la matofali likitushukia. Dagaa wengi walichanganyika na mchanga, hawakufaa tena. Vijana wa mgambo walikuwa na adabu. Mmoja wao alikuwa amesoma kwangu, na kila alipopiga nyundo alikuwa anatazama chini.

Walipomaliza nilimfuata kaka, jasho na vumbi mwili mzima.

"Urakoze," aliniambia kwa Kiha, ahsante, kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mpita njia aliyemsogezea mzigo.

Mama akafunua kanga. "Umenipasua katikati," alisema. Sikujua alikuwa anamwambia yupi.

Kabla ya mwaka kwisha kaka aliuza nyumba akahamia Simbo kulima mihogo, akamchukua na mama. Nilikwenda mara kadhaa kumwona mama, na kila nilipofika kaka alikuwa shambani, na alibaki shambani mpaka niondoke. Mama alizidi kudhoofika. Siku aliyofariki, habari ilitufikia kwa mdomo wa muuza mkaa aliyetoka huko. Tukapanda pikipiki, mimi na mke wangu, bila hata kubadili nguo. Tulipofika watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

"Hatukutaka kuwasumbua," kaka alisema. "Ninyi mna vikao."

Mke wangu alipiga magoti kwenye udongo ule mbichi. Mimi nilisimama. Sikulia mpaka tulipofika nyumbani, na hata hapo nililia kama mtu anayekohoa.

Yule binti na mumewe walivuka ziwa, wakaenda kuishi kwa ndugu zao upande wa pili. Mama wa maandazi bado yuko. Hupita kwenye njia kila asubuhi na beseni lake, tunasalimiana, na habari ile hatujaigusa tena. Ngazi za saruji zilizoahidiwa hazijajengwa, na kila masika njia inaliwa upande mmoja. Mke wangu hakurudi barazani. Kura za maoni za chama zilipofika, ukoo wetu wote ulikuwa umeshazungumza, akashindwa vibaya. Amerudia cherehani yake sokoni Mwanga. Siku moja, akiwa anakata kitambaa, aliniuliza:

"Ungekuwa wewe ungesemaje pale barazani?"

"Ningesema vilevile."

Alikata mpaka mwisho wa kitambaa. "Lakini hukuwa wewe," akasema.

Idi iliyopita nilikwenda Simbo peke yangu. Safari hii kaka hakwenda shambani. Amezeeka ghafla. Tulikula pamoja kwenye sinia moja. Aliniuliza habari za shule, za watoto, akauliza kama ziwa limeshuka. Nikamwambia limeshuka kidogo, na kwamba nguzo za banda lake zimeanza kuonekana. Akatikisa kichwa.

Nilipokuwa naaga nikasema, "Shemeji yako anakusalimia sana."

Aliokota kisu, akavuta kikapu cha mihogo, akaanza kumenya.

"Ondoka mapema," alisema. "Huko mbele pana utelezi."

Nikamsubiri aongeze neno. Alikuwa anamenya, maganda yakianguka miguuni pake, na mkewe alinitazama kutoka mlangoni akanifanyia ishara kwa kichwa kwamba niende. Nikaenda.