Pale Ambapo Hakuna Nchi Iliyokata

Dada yangu alikuwa na kibanda cha video Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Filamu moja alikuwa nayo mara mbili: ya Kenya iliandikwa watu wazima tu, ya Tanzania iliandikwa ya familia, kwa sababu huko wakaguzi walikata busu. Upuuzi mtupu! Waliopigwa risasi waliwaacha wote.

Jumapili moja tukaonyesha ile ya familia. Mgodi wa kwenye filamu ulipowaporomokea wachimbaji, wanaume kibandani wakavua kofia kama wako matangani, wakatoka. Akabaki mama mmoja ambaye mumewe alifukiwa hapo Osiri.

“Nyamera, dada yangu,” akamwambia mwenye kibanda, “zima hiyo kitu.”

Nchi mbili zilikagua filamu hiyo. Hakuna iliyoona pale kitu cha kukata.